Sikuumia motoni, niliumia kwenye ngazi: tuongee sayansi ya mwendo kwa watu wa zimamoto

FundiNgazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za zamu.

Nina miaka 14 kwenye zimamoto na uokoaji, 6 ya mwisho nikiwa mkufunzi. Nimeingia kwenye moshi ambao hauoni hata kiganja chako, nimesimama juu ya paa ambalo chini yake panawaka. Huko kote nilitoka mzima. Siku niliyoumia hakukuwa na moto wala king'ora. Ilikuwa saa kumi alfajiri, tunamteremsha mgonjwa ghorofa mbili kwa machela. Kwenye kona nikainama, nikajipinda kidogo kumpisha mwenzangu, nikasikia kiunoni kitu kama kamba imekatika. Wiki saba sikuvaa buti.

Wiki hizo nilizimaliza nimelala chali na simu mkononi, ndipo nikaanza kusoma sayansi ya mwendo, yaani mwili unavyojiendesha ukibeba, ukivuta, ukiruka, na kani zinazopita kwenye viungo wakati huo. Nimefungua uzi huu kwa sababu naona sisi tunajifunza kila kitu kuhusu moto, na karibu hatujifunzi lolote kuhusu kuinama.

Nianze na tunaumia wapi, maana hapa ndipo nilipopigwa na butwaa. Huko Tucson, Arizona, watafiti walipitia majeraha ya askari wa zimamoto kuanzia 2004 hadi 2009. Karibu theluthi moja yalitokea wakiwa wanafanya mazoezi ya viungo. Kubeba wagonjwa kulichangia kama asilimia 17, mafunzo ya kazi asilimia 11. Moto wenyewe, ambao ndugu zetu nyumbani wanauogopa usiku kucha, asilimia 10. Na kwa Marekani nzima, NFPA wanaokusanya takwimu za zimamoto walikadiria majeraha 60,825 kazini mwaka 2019, na aina inayoongoza mwaka baada ya mwaka ni misuli kukazwa kupita kiasi na viungo kuteguka. Kuungua kuko mbali huko chini.

Sasa kwa nini kiuno? Mnakumbuka wenzo wa darasani: egemeo, mzigo, jitihada. Kiuno ni wenzo mbovu sana. Egemeo ni pingili za chini za uti wa mgongo. Misuli inayokuinua iko nyuma ya egemeo sentimita tano au sita tu, na mzigo uko mbele. Shika kilo 20 zikiwa sentimita 50 mbele ya kiuno: misuli italazimika kuvuta kama inayoinua kilo 170, na hapo hatujahesabu kiwiliwili chako, koti wala mtungi wa hewa. Sogeza mzigo uleule uwe sentimita 25, inabaki kama kilo 83. Kilo 20 ni zilezile. Nguvu yote ambayo misuli inavuta, pingili na sahani zilizo katikati yake ndizo zinazokandamizwa. Borelli wa Italia alishaonyesha katika karne ya 17 kwamba misuli yetu inafanya kazi na wenzo mfupi kupindukia, kwa hiyo si habari mpya. Haijafika kituoni tu.

Wenzetu wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, wana kanuni ya kunyanyua iliyorekebishwa 1991. Inaanzia kilo 23, tena hiyo ni kwa hali ya starehe: mikono miwili, mzigo karibu na mwili, hujajipinda, mshiko mzuri. Ukiusogeza mbele inapungua. Ukijipinda inapungua. Ukiokota kutoka sakafuni inapungua tena. Halafu jifikirie wewe kwenye kona ya ngazi na mtu wa kilo 90.

Na lile la alfajiri. Sahani za pingili hunywa maji ukiwa umelala, zikavimba. Ndiyo maana asubuhi mtu ni mrefu kidogo kuliko jioni, kama asilimia 1 ya kimo chake, na zaidi ya nusu ya nyongeza hiyo huondoka ndani ya saa ya kwanza baada ya kuamka. Katika saa hiyo, kuinama kunazipa sahani na kano mkazo mkubwa kuliko kuinama kulekule mchana. Sisi tunaamshwa na kengele, dakika mbili baadaye tuko kwenye gari, dakika kumi baadaye tunainama kumbeba mtu.

Nina mengi, ila naona niwaachie nafasi kwanza. Nyie mmeumia wapi, mkiwa mnafanya nini?

---

KokotoBomba

Mkuu umeandika kitabu, nimesoma chote. Lakini nikuambie ukweli, mimi naona tatizo ni unyonge tu. Vijana hawanyanyui chuma. Mtu anayenyanyua kilo 150 jimu hawezi kuumizwa na machela. Ongezeni chuma, punguzeni nadharia.

---

MzeeWaButi

Nimestaafu, lakini bado nazunguka kwenye majukwaa kama mzuka. Wakati wetu aliyekuwa wa kwanza kugusa ardhi gari likisimama ndiye mwanamume. Tulikuwa tunaruka kutoka mlangoni, buti zote mbili kwa mpigo, mtungi mgongoni. Leo nikipanda ngazi, wajukuu wanasikia magoti yangu kabla hawajaniona.

Swali langu kwa mkufunzi: hilo la kuruka lina hesabu yake au ni uzee tu unanisema?

---

FundiNgazi

Mzee shikamoo. Hesabu ipo.

Watafiti wa Kanada walipima askari wakishuka kwenye magari ya zimamoto. Anayeshuka akiwa ametazama nje, mgongo kwa gari, anatua kwa kishindo kikubwa zaidi kuliko anayeshuka akiwa amelitazama gari, mikono imeshika vyuma, anateremka kama mtu wa ngazi. Sababu ni rahisi: ukitazama gari, mguu wa juu na mikono vinakushusha polepole. Ukitazama nje, sehemu ya mwisho huteremki tena, unaanguka kwa hiari yako. Uzito wako na wa vifaa vyako, vyote vinapokelewa na kifundo kimoja na goti moja, gizani, kwenye ardhi ambayo hujui kama ni lami au shimo.

Hapo tunazungumzia mara ngapi kwa zamu? Mara nane? Kumi? Zidisha kwa miaka uliyotumikia, mzee wangu.

@KokotoBomba, nguvu ni muhimu, sitabishana na wewe hapo. Ila soma tena takwimu ya Tucson. Theluthi moja ya majeraha ni mazoezini. Mazoezi unayoyasifia ndiyo yanayoongoza.

---

KokotoBomba

Dah. Hapo umenikamata shati. Bega langu la kulia lilitoka kwenye benchi, si kwenye moto.

---

MzeeWaButi

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Ningejua 1985.

---

DadaZamuB

Naongea kama mwanamke mwenye kimo cha mita 1.58. Mnazungumzia kuinama, mimi nawaletea kunyoosha. Kwenye gari letu la zamani ile mashine ya kukatia vyuma ilikaa rafu ya juu. Kila nikiitoa, uzito wote unaning'inia mbele na juu ya kichwa changu, mabega yanaungua. Nilifundishwa namna sahihi ya kuishusha, nikaifuata, bega likaendelea kuuma. Halafu fundi mmoja, siyo daktari, akahamisha rafu ikawa usawa wa kiuno. Vifaa vyepesi vikapanda juu. Bega likapona lenyewe.

Kwa hiyo ninyi wa sayansi ya mwendo, kabla hamjanirekebisha mimi, rekebisheni gari. Vifaa vizito vikae kati ya goti na bega la mtu mfupi kuliko wote kituoni. Na kwenye ngazi, kiti cha kuteremshia wagonjwa chenye mikanda ya kuteleza kinafanya kazi ambayo hakuna mgongo wa binadamu uliokusudiwa kuifanya. Mwaka huo tulikuwa nacho kimoja, kimefungiwa stoo kisichakae.

---

FundiNgazi

Dada, hapo umepiga msumari. Ningekuwa na kiti kile alfajiri ile uzi huu usingekuwepo. Kisichakae, kwelikweli. Migongo ndiyo ichakae.

---

TakwimuKwanza

Nimesubiri mmalize hisia. Naomba niwe mchawi wa sherehe.

Kwanza, kuna mapitio makubwa ya 2011 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa afya, yaliyokusanya tafiti kuhusu kuwafundisha wafanyakazi namna ya kunyanyua. Hitimisho: hakuna ushahidi kwamba mafunzo na ushauri huo huzuia maumivu ya mgongo. Mabango yale ya "kunja magoti, nyoosha mgongo" yamejaa kila kiwanda duniani na migongo inaendelea kuuma.

Pili, najua mtaleta kile kipimo maarufu cha mijongeo saba, FMS. Unachuchumaa na fimbo juu ya kichwa, unavuka kamba, unapiga hatua ndefu, mabega, kuinua mguu, pushapu, na ule wa kuinua mkono na mguu ukiwa umepiga magoti. Kila kimoja alama 0 hadi 3, jumla 21. Watu wanasema ukipata 14 kushuka chini utaumia. Hiyo 14 ilitoka wapi? Utafiti wa 2007 wa wachezaji 46 wa mpira wa Kimarekani. Arobaini na sita! Kisha ikabebwa mzimamzima ikapelekwa jeshini, polisi, zimamoto.

Nionyesheni ushahidi kwa askari wa zimamoto wenyewe, la sivyo tunauziana dawa ya mitishamba yenye lebo nzuri.

---

FundiNgazi

Mkuu, nilikuwa nakusubiri wewe au mtu kama wewe. Nitajibu kwa urefu, tafuta kinywaji.

Ushahidi wa kwanza ni wa Tucson tena, 2007. Askari 433 walipimwa mijongeo, wakaingizwa kwenye programu ya kuimarisha misuli ya kiwiliwili na kujifunza kujiendesha vizuri kwenye nafasi finyu, zile za kazi yetu. Katika miezi 12 idadi ya majeraha ilipungua kwa asilimia 44, na muda wa kazi uliopotea kwa majeraha ukapungua asilimia 62. Kabla hujaniwahi naisema mwenyewe: walilinganishwa na rekodi za nyuma, hakukuwa na kundi lingine lililoachwa bila mafunzo wakati huohuo. Kwa hiyo inatia moyo, lakini bado si hukumu.

Wa pili ndio ninaoupenda, na nadhani utaupenda hata wewe. David Frost na wenzake, akiwemo Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, ambaye ni mtu wa migongo miaka yote. Walichukua askari wa zimamoto 21, wakawapima FMS. Halafu wakawaambia vigezo vya kutoa alama: tukiona hivi tunakupa 3, tukiona vile tunakupa 2. Wakawapima tena papo hapo. Hakuna mazoezi, hakuna kunyoosha viungo, hakuna wiki 12. Wastani ukapanda kutoka 14 hadi karibu 17.

Tafakari hapo kidogo. Dakika chache kabla, wengi wao wangeambiwa wako hatarini. Dakika chache baadaye wamepona. Nyonga hazikulainika ndani ya dakika hizo, wala vifundo. Walikuwa na uwezo wa kusogea vizuri tangu mwanzo, ila hawakuwa wanautumia.

Hapo ndipo akili yangu iligeuka. Nilidhani kazi ya mkufunzi ni kutafuta nani mwili wake ni mbovu. Kumbe swali ni mtu anasogea vipi akiwa hajui kwamba mgongo wake unatazamwa. Mimi mwenyewe najua kunyanyua. Nimefundisha kunyanyua! Alfajiri ile nilikuwa najua kila kitu kilichoandikwa kwenye bango, na bango halikunisaidia, kwa sababu mwili ukiwa na usingizi, haraka na kilo 20 za vifaa hausomi bango. Unafanya ulichozoea. Kwa hiyo ile Cochrane yako mimi naisoma hivi: ushauri hauzuii majeraha. Naiamini. Ushauri na mazoea ni vitu viwili.

---

TakwimuKwanza

Sawa, ule wa 21 nauchukua, ni mzuri. Lakini umeua kipimo, hujathibitisha dawa. Kuna mtu amejaribu kufundisha mazoea yenyewe na kundi la kulinganisha?

---

FundiNgazi

Yupo, Frost huyohuyo, matokeo yalitoka 2015. Askari 52, wiki 12, makundi matatu. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu na pumzi huku kocha akisisitiza namna ya kusogea kwenye kila zoezi: goti lisiingie ndani, kiuno kisijikunje, jikunje nyongani. Kundi la pili lilifanya mazoezi ya nguvu na pumzi bila msisitizo huo. La tatu liliendelea na maisha yake. Makundi mawili ya kwanza yote yaliongezeka nguvu na pumzi, hakuna aliyemwacha mwenzake kwa maana.

Kisha wakapewa kazi za kuinua, kuvuta na kuchuchumaa ambazo hawakuwa wamefundishwa moja kwa moja kwenye programu. Kundi lililofundishwa mwendo ndilo pekee lililodhibiti vizuri zaidi uti wa mgongo na magoti. Mwendo ulihama kutoka zoezini kwenda kwenye kazi. Kundi la pili lilipata injini kubwa zaidi, usukani ukabaki uleule.

---

TakwimuKwanza

Walipima mwendo, hawakupima majeraha.

---

FundiNgazi

Ndiyo. Hilo sikatai.

---

TakwimuKwanza

Basi sawa. Naendelea kusoma uzi, sijaondoka.

---

TibaYaViungo

Wakuu, mimi ni mfiziotherapia, nahudumia watu wa kazi nzito. Niongeze machache.

Kwenye FMS kuna alama moja ambayo siitupi: sifuri. Sifuri maana yake zoezi limekuletea maumivu. Jumla ya 21 iacheni, lakini mtu anayeumwa akichuchumaa tu, bila koti, bila mtungi, huyo aonekane na mtaalamu kabla ya kurudi kwenye mpira wa maji. Na kitabiri kikubwa cha jeraha kwenye karibu kila kazi na kila mchezo ni jeraha la nyuma ambalo halikupona sawasawa. Kwa hiyo kabla ya fimbo na kamba, muulize mtu: uliumia nini mwaka jana? Utashangaa wangapi wanaficha.

Kuhusu vifaa. Mavazi kamili na mtungi ni kilo 20 na zaidi, na mtungi uko nyuma na juu. Kitovu cha uzito kinasogea, mwili unajibu kwa kuinamia mbele, hatua zinafupika. Buti nzito zinafanya mguu unaofuata nyuma usinyanyuke vya kutosha. Ndiyo maana mtu anaruka kizuizi kwa mguu wa kwanza vizuri kabisa, anajikwaa kwa wa pili. Mtu aliyefunzwa kusogea vizuri akiwa amevaa fulana na kaptula amejifunza nusu ya somo. Utaratibu wangu ni huu: kwanza bila kitu, akishika mkao anavaa koti na buti, kisha mtungi, kisha namchosha kwa ngazi dakika tatu ndipo namwambia anyanyue. Pale anapohema ndipo unamwona yeye halisi.

Cha kujifunza kujikunja nyongani, fimbo ya ufagio inatosha. Iweke mgongoni iguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa matako. Iname kwa kurudisha makalio nyuma kama unafunga mlango wa gari mikono imejaa. Fimbo ikiachana na sehemu mojawapo, umejikunja kiunoni. Dakika mbili kila mwanzo wa zamu. Na nikiwa naelekeza sisemi "kaza misuli fulani", nasema "sukuma sakafu". Mwili unaelewa kazi kuliko unavyoelewa anatomia.

Ah, na safari ndefu garini. Kukaa umejikunja dakika 20 kunalegeza kano za nyuma ya uti wa mgongo, na dakika mbili baada ya kusimama ugumu wa kiungo umerudi nusu tu. McGill tena huyo, 1992. Kwa hiyo kaeni wima garini, mkishuka simameni, nyoosheni mikono juu, pumueni mara moja au mbili, ndipo mshike machela. Sekunde hizo hazimuui mgonjwa.

---

KijanaWaPili

Niko mwaka wa kwanza kazini. Hii si sawa na ile FIFA 11+ ya wachezaji wa mpira? Kocha wetu wa timu alikuwa anatufanyisha dakika 20 kabla ya mazoezi, kuruka na kutua goti lisiingie ndani, nikawa naona anatupotezea muda.

---

TibaYaViungo

Undugu upo kabisa, kijana. Ile ilipimwa kwa maelfu ya wachezaji, makundi mawili sambamba, na timu zilizoifanya mara kwa mara ziliumia kidogo kuliko zilizoifanya kwa kuruka siku. Neno ni hilo "mara kwa mara". Kocha wako hakukupotezea muda.

---

KokotoBomba

Nirudi na swali la heshima sasa. Mpira wa maji. Nafundishwa kuvuta kwa mikono nikirudi kinyumenyume, na kiuno changu kinalia. Mnashauri nini?

---

FundiNgazi

Hesabu kwanza ujue unavuta nini. Mpira wa kipenyo cha milimita 45, urefu mita 15, ukijaa maji una lita kama 24. Kilo 24 za maji kabla ya mpira wenyewe, na hapo ni kipande kimoja. Halafu kuna msuguano wa sakafu na kona za milango.

Usirudi kinyumenyume. Hauoni unakokwenda, na mikono ndiyo misuli midogo kuliko yote uliyoalika kwenye kazi hiyo. Pitisha mpira begani, shika ncha kifuani, geukia unakokwenda, inamisha mwili mzima kuanzia vifundoni, siyo kiunoni, sukuma ardhi kwa hatua fupi. Uzito wako wenyewe unakuvutia. Mwenzako asimame kwenye kona alishe mpira, kwa sababu kona moja inaweza kukugharimu kuliko mita kumi zilizonyooka.

Na hii inanikumbusha ule mtihani wa Marekani wa kuingilia kazi, CPAT. Vituo 8, dakika 10 na sekunde 20, umevaa kizibao cha kilo karibu 23, na kwenye ngazi wanakuongezea nyingine 11. Ni mtihani mzuri wa pumzi na nguvu. Lakini saa inapima kama umemaliza. Haiangalii umemalizaje. Nimeona vijana wanafaulu mitihani ya aina hiyo migongo ikiwa imejikunja kama kamba ya upinde, tunawapigia makofi, tunawakabidhi buti.

---

MzeeWaButi

Wenzangu niliowazika hawakuzikwa kwa magoti. Moyo. Msisahau moyo kwenye sayansi yenu.

---

TibaYaViungo

Mzee hujakosea. Kwa Marekani, utafiti wa 2007 ulikuta moyo unahusika kwenye kama asilimia 45 ya vifo vya askari wa zimamoto wakiwa kazini. Pumzi ndogo pia inaharibu mwendo, maana aliyechoka ndiye anayejikunja vibaya. Ila moyo unastahili uzi wake. Mkuu FundiNgazi aufungue.

---

DadaZamuB

Tuambieni basi tuanze na nini kesho. Siyo programu ya wiki 12. Kesho.

---

FundiNgazi

Dada, mimi ningeanza na simu. Mtu mmoja kwenye zamu arekodi wenzake wakishuka garini na wakinyanyua machela, siku mbili tatu, bila kutangaza siku. Si kwa ajili ya kumpeleka mtu kwa mkubwa, hilo mkubaliane mapema, la sivyo watu wataigiza na utakuwa umepima uigizaji, kama ile 14 iliyogeuka 17. Halafu mkae pamoja mtazame. Mimi nilipojiona kwa mara ya kwanza nilidhani ni mtu mwingine. Nilikuwa nafundisha kitu kimoja na kiuno changu kinafanya kingine, mbele ya wanafunzi.

Mkishaona, chagueni kitu kimoja tu. Kushuka gari, kwa mfano. Wiki tatu hicho tu. Kikishakuwa mazoea ndipo mhamie machela. Na hicho kiti kitolewe stoo.

---

DadaZamuB

Kiti kimetoka. Nimekitoa mimi.

---

TakwimuKwanza

Nimerudi baada ya siku tisa. Sikuwaambia, lakini mimi pia ni wa zimamoto, upande wa ofisi siku hizi, na bado napangiwa zamu mbili kwa mwezi. Nikaona nisibishe bila data yangu. Nikaegesha simu kwenye dirisha la karakana likiwa linatazama mlango wa gari, nikairuhusu irekodi zamu nzima. Wenzangu walikuwa wamekubali wiki moja kabla, wakasahau, kama tulivyotaka.

Tulikuwa sita. Wanne walishuka wakitazama nje, kila mara, usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa tu tunarudi kunywa chai. Wawili walishuka wakilitazama gari.

Mimi ni mmoja wa wale wanne. Mara ya mwisho nilishuka na faili mkononi.